Mkongojo wa Baba

Wale wanaojifunza amri za Mungu, wakifika kwenye amri ya 4, mara nyingi huuliza hivi: Kumheshimu baba au mama aliyezeeka ni kufanya nini hasa? Mtoto mdogo hujibiwa upesi: atii, asijibu kwa ukali, achote maji anapotumwa. Lakini mtu mzima mwenye mke na watoto, ambaye baba yake hana nguvu tena ya kumwamuru, afanye nini? Wengi husema: ampe chakula na nguo, na akiugua ampeleke kwa mwuguzi. Jibu hilo ni la kweli, wala hakuna awezaye kulikataa. Walakini halitoshi. Kitu kidogo sana, yaani fimbo ya kutembelea, chaweza kuonyesha mahali linapopungukiwa.

Katika vilima vya Kivu, upande unaotazama ziwa, palikuwa na mzee mmoja ambaye goti lake la kuume lilianza kulegea. Nyumba yake ilikuwa juu, katikati ya migomba. Kisima na kanisa vilikuwa chini, na njia ya kuteremkia ilikuwa ya udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Siku moja ya mwezi wa Novemba akaanguka njiani, asiweze kuinuka, hata wanawake waliotoka kisimani wakamshika mikono wakamrudisha nyumbani. Habari ikamfikia mwanawe wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Bukavu.

Kijana huyo hakuwa mtoto mbaya, na habari yake isisomwe kama habari ya mwana mpotevu. Alihuzunika sana. Akaweka akiba kutoka mshahara wa miezi miwili, akaacha kununua viatu alivyokuwa anavihitaji, akaenda kwa wachongaji wauzao vitu vyao kwa wageni. Huko akachagua fimbo iliyokuwa nzuri kuzipita zote: ya mti mweusi mzito, iliyong'arishwa, yenye kichwa cha simba aliyefunua meno, na pete ya shaba shingoni. Siku ya Noeli akaileta nyumbani mbele ya ukoo wote. Baba akaipokea kwa mikono miwili, akamshukuru mwanawe, akambariki. Fimbo ikapita mkono kwa mkono, na kila aliyeishika akasema, "Kweli, mzee huyu amezaa."

Ikafika Pasaka. Kijana akarudi, akaona fimbo imetundikwa ukutani karibu na msalaba, nayo imeanza kushika moshi. Kando ya mlango palisimama mpini wa jembe kuukuu, umechakaa mahali pa kushikia.

"Baba," akauliza, "fimbo niliyokuletea, mbona huitumii?"

"Nimeitunza, mwanangu," akajibu mzee. "Ni kitu cha thamani."

Kijana akanyamaza. Lakini mama yake alipomwambia kwamba baba ameanguka tena, tena uani, hatua chache kutoka mlangoni, moyo wake ukawaka. Akaenda kwa baba yake mdogo akashitaki: "Baba amedharau zawadi yangu. Mimi nimekosa viatu kwa ajili yake, naye anatembea na mpini wa jembe kama mtu asiye na watoto."

Jioni ndugu wakakutana. Wengine wakampa kijana haki, wakisema kwamba zawadi isiyotumiwa ni kama zawadi iliyokataliwa. Wengine wakasema kwamba wazee wana kiburi, hawataki kuonekana wamechoka. Mzee mwenyewe alikaa kimya. Ndipo shangazi, dada yake mkubwa wa mzee huyo, akauliza: "Ni nani kati yenu aliyemwona ndugu yangu akiiegemea fimbo ile hata hatua kumi?" Hakuna aliyejibu. Akaagiza fimbo iletwe, akamwomba mzee asimame nayo. Watu wote wakaona. Ilikuwa ndefu mno: kichwa cha simba kilifika karibu na mbavu, na mkono wa mzee ulipanda juu kama wa mtu atwangaye. Meno ya simba yaliingia katika kiganja. Ncha ya chini, iliyong'arishwa kama sehemu nyingine zote, iliteleza juu ya jiwe la mlangoni. Nao uzito wake ulimchosha kabla hajafika uani.

"Mbona hukusema, baba?" akauliza kijana.

"Siku ile wageni walikuwa wengi," akasema mzee. "Ningesemaje mbele yao?"

Katika neno hilo limo shauri lote. Mwana alidhani kimya cha baba ni dharau, kumbe kilikuwa upendo. Baba alichukua hatari ya kuanguka ili mwanawe asiaibike. Ukiuliza ni nani kati ya wawili hao aliyemheshimu mwenzake siku ya Noeli, jibu si rahisi kama lilivyoonekana kwa waliokuwa wakipiga makofi.

Basi mwana alipungukiwa na nini? Upendo alikuwa nao. Fedha alizitoa, tena kwa kujinyima. Alichokosa ni kutazama. Alipochagua fimbo, macho yake yalikuwa juu ya fimbo, nayo mawazo yake yalikuwa juu ya watu watakaoiona. Goti la baba, urefu wa mkono wake, njia ya udongo iteremkayo kisimani, hayo hayakuwamo sokoni pamoja naye. Ziko zawadi zinazomtazama anayepewa, na ziko zinazomtazama anayetoa. Kwa nje zafanana kabisa, hata mtoaji mwenyewe aweza kudanganyika. Mwenye kutaka kuzipambanua na ajiulize hivi: kama zawadi hii isingeonekana na mtu yeyote ila baba yangu, ningechagua hii hii?

Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana Yezu aliwakaripia watu waliokuwa wakisema kwamba mali ambayo ingewasaidia wazazi wao imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa hiyo hawawezi kuwapa tena. Watu hao walificha uchoyo wao chini ya jina la Mungu. Kijana wa habari hii hakuwa mchoyo hata kidogo, wala si haki kumlinganisha nao moja kwa moja. Lakini maneno yale yanafundisha jambo moja linalomhusu yeye pia: tendo laweza kuonekana zuri na takatifu mbele ya watu, na mzazi akabaki na uhitaji wake vile vile.

Kuna na jambo lingine ambalo vijana hawalifikiri. Si kila fimbo ni mkongojo. Kule Katanga, kwa Waluba, wakuu walikuwa na fimbo za enzi ziitwazo kibango, zilizochongwa kwa sura za watu, hasa za wanawake, na kwa alama zenye kukumbusha habari za ukoo na utawala. Baadhi yake leo zimo katika jumba la makumbusho la Tervuren, huko Ubelgiji, na watu huzistaajabia. Fimbo za namna hiyo hazikuchongwa zimsaidie mtu mwenye goti bovu. Zilitangaza cheo. Mkongojo hutangaza neno lingine: kwamba huyu mtu hawezi tena kusimama peke yake. Ndiyo maana wazee wengi huukataa, wakashika mpini wa jembe. Mpini wa jembe husema uongo mdogo wenye kufariji: mwenye nao huonekana kama mtu aendaye shambani.

Je, ni kiburi? Labda kimo kidogo. Lakini aliyelima miaka hamsini, akajenga nyumba na kulea watoto kwa nguvu za mwili wake, hawezi kuuacha mwili huo siku moja bila uchungu. Mwenye kumcheka afikiri atakavyofanya yeye. Nabii Zakaria, katika sura ya 8, akieleza Yerusalemu iliyorudishiwa amani, aliweka katika njia za mji wazee, wanaume na wanawake, kila mmoja na fimbo mkononi kwa sababu ya wingi wa siku zake. Hakuitaja fimbo kama aibu. Mahali penye vita na njaa watu hawafiki umri wa kushika mkongojo, na watu wa Kivu wanalijua hilo kuliko wengi. Mzee aelezwe hivyo kwa upole, wala si mara moja tu.

Lakini akikataa hata akielezwa? Wako watoto wanaoficha mpini wa jembe ili baba alazimike. Wako wanaomgombeza mbele ya wajukuu. Wanasema: "Akivunjika mfupa wa nyonga, ni nani atakayemuuguza?" Hofu yao ni ya haki, maana mfupa huo ukivunjika uzeeni wengi hawasimami tena. Hata hivyo mtoto hawi baba wa baba yake. Mzee mwenye akili zake anayo haki ya kuamua jinsi atakavyotembea, hata akikosea. Mtoto na ashauri, aombe, amlete mzee mwenziwe atumiaye mkongojo, asawazishe njia, aondoe mawe uani. Hayo yote ni juu yake. Kumnyang'anya si juu yake. Ikiwa akili za mzazi zimepungua, hapo mtoto huamua mengi zaidi kwa niaba yake. Na hata hapo kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 3, chataka avumiliwe, asidharauliwe.

Basi yule kijana akaomba ruhusa ya siku chache zaidi kazini, akabaki. Siku ya kwanza hakufanya neno ila kutembea na baba yake, polepole, kutoka nyumbani hata kisimani na kurudi. Njia aliyoipita akiwa mtoto kwa muda mfupi kabisa, sasa ilichukua asubuhi nzima. Akaona mambo asiyoyajua: kwamba baba hushika mti fulani kwenye kona, kwamba akiteremka huogopa kuliko akipanda, kwamba mpini wa jembe huushika mkono wa kuume, upande ule ule wa goti bovu.

Wakapitia dispensari, na mwuguzi akamweleza yale ambayo kila mwenye mzazi mzee yafaa ayajue. Mzee asimame wima akiwa amevaa viatu vyake, mikono ikining'inia. Kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Hapo akiishika, kiwiko kitapinda kidogo tu. Fimbo ya yule simba ilikuwa na sentimita 98, na kipimo cha mzee kilikuwa sentimita 81. Fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa mguu mzima, nayo isogee mbele pamoja na mguu mbovu. Watu wengi hushangaa kusikia hivyo, maana hudhani fimbo lazima ikae karibu na maumivu. Lakini mtu atembeapo, mkono wa kushoto huenda pamoja na mguu wa kuume. Mkono huo ukichukua sehemu ya uzito wakati mguu mbovu unapokanyaga, mwili hauinami upande. Penye ngazi, akipanda, mguu mzima utangulie. Akishuka, itangulie fimbo na mguu mbovu.

Kuhusu mti wenyewe, walikwenda kwa seremala wa misioni. Yeye hakuusifu mti mweusi. Kwa kinyago wafaa, alisema, lakini ni mzito mno kwa mkono uliochoka. Akaonyesha shina la mbuni lililokatwa mwaka uliotangulia, walipong'oa mibuni mizee, likakaushwa kivulini taratibu. Mti ukikaushwa juani kwa haraka hupasuka, na ukitumiwa mbichi hupinda. Mbuni ni mgumu, haunenepi sana, na waweza kupata ulionyoka. Mpera pia ni mzuri, ndiyo maana watu huufanya mipini. Nyuzi za mti zifuate urefu wa fimbo tangu juu hata chini, maana zikikatiza upande, fimbo huvunjika hapo hapo. Mahali penye fundo kubwa pakataliwe. Penye matundu madogo yatoayo unga, wadudu wamo ndani, hata kama nje pang'aa. Unene wa sentimita mbili na nusu hivi watosha. Kabla ya kumpa mzee, mtu mzito aiegemee kwanza kwa nguvu zake zote. Ikilia, na ivunjike mikononi mwake yeye.

Kichwa kisiwe cha kuchoma kiganja. Kirungu cha mviringo ni kizuri kwa macho, lakini huukusanya uzito wote mahali pamoja. Mshikio uliolala, mpana kidogo kama mgongo wa kisu kikubwa kilichosuguliwa, huusambaza. Chini akafunga kipande cha mpira wa gurudumu kuukuu, bila msumari wa kutokeza, kwa maana chuma huteleza juu ya jiwe na saruji. Mpira huo utalika, na mwana au mjukuu lazima aukague kila mwezi. Kazi hiyo haihitaji fedha, na labda kwa sababu hiyo husahauliwa.

Ilikuwapo neno moja ambalo mwuguzi na seremala hawakulitaja, nalo likasemwa na mzee mwenyewe alipoulizwa. "Fimbo hii ni nzuri uani na kanisani," akasema, "lakini kwenye mteremko yanipasa kuinama kuitafuta ardhi." Ni kweli. Kipimo cha kifundo cha mkono ni cha mahali palipo sawa, kwa mtu anayetaka kuuegemeza mguu. Watu wa milimani, ili wasianguke mbele wanaposhuka, hushika fimbo ndefu, wakihamisha mkono juu au chini kadiri ya njia. Basi wakakata ya pili, ndefu, ya mpera, isiyo na mshikio. Kama mzee asingeulizwa, jambo hilo lisingejulikana, ajapokuwa mwuguzi hodari na seremala hodari.

Shangazi, aliyekuwa ameketi akitazama kazi hiyo yote, akanyosha mkono kwa mama wa nyumba. "Na huyu je?" Mama alikuwa anaingia uani, mzigo wa kuni mgongoni, kamba kipajini, na mkononi kijiti alichokivunja kwenye ua. Umri wake haukuwa mbali na wa mumewe. Katika shauri lile lote, tangu Novemba hata Pasaka, hakuna aliyeuliza kama magoti yake yanauma. Watoto wengi wa kiume humletea baba fimbo, kwa sababu baba huketi na wanaume nayo huonekana. Mama huonekana wakati mzigo unapochelewa kufika. Katika maneno yake nabii Zakaria aliwataja wanawake pamoja na wanaume, na si vizuri kusoma nusu. Lakini kwa mama fimbo peke yake isingekuwa kitu. Kumpa fimbo na kumwachia mzigo ni kumchekesha. Wakapatana kwanza kwamba kuni zitaletwa na wajukuu, wa kike na wa kiume. Ndipo wakapima kifundo cha mkono wake. Akacheka, akasema hakupimwa kitu tangu vazi la harusi.

Linabaki swali moja lililo gumu kuliko mengine. Katika kitabu cha Tobia, sura ya 5, baba kipofu anamtuma mwanawe nchi ya mbali kudai fedha. Mama yake, Ana, analia. Naye, kama isomwavyo katika Biblia ya Kilatini ya Kanisa, anamwita mwana huyo fimbo ya uzee wao, akilalamika kwamba fedha hizo heri zisingekuwapo. Je, yule kijana aache kazi Bukavu? Wako watakaosema ndiyo. Lakini mshahara wake ndio uliowalipia wadogo zake ada ya shule, na dawa za baba pia. Anayefanya kazi mbali hatendi dhambi kwa kuwa mbali, wala asihukumiwe na jirani. Ila hesabu ifanywe kwa haki: miezi ambayo hayupo ni sehemu ya gharama ambayo wazazi wanailipa, na fimbo iliyo bora kuliko zote haiirudishi. Ndugu wanaobaki kijijini, ambao hawaleti kitu cha kung'aa siku ya Noeli lakini humshika mzee mkono asubuhi penye matope, nao watajwe kwa jina siku hiyo ya sifa.

Fimbo ya simba haikutupwa. Mzee akasema ataichukua akienda kuketi katika shauri la ukoo au harusini, mahali pasipo na mteremko, na kijana akafurahi kusikia hivyo. Siku ya kurudi Bukavu akaaga alfajiri. Baba akachukua ile ndefu ya mpera kwa mkono wa kushoto, akasema atamsindikiza kidogo. Kijana alidhani ataishia uani. Wakashuka pamoja, wakisimama mara kwa mara, hata jua likatoka juu ya migomba, wakafika kwenye jiwe kubwa karibu na barabara, ambapo mzee hakuwa amefika tangu Novemba. Akaketi juu yake. "Sasa nenda," akasema. "Mimi nitapanda polepole."

Kijana akaenda, akigeuka nyuma mara nyingi.